Mageuko Ndani ya Kompyuta: Jinsi Umbo la Protini Linavyotafutwa

Protini ni watendakazi wa mwili. Vimeng'enya vinavyovunjavunja chakula tumboni ni protini. Hemoglobini ichukuayo oksijeni katika damu ni protini. Kingamwili zinazopambana na vijidudu vya maradhi nazo pia ni protini. Kila moja hufanya kazi yake kwa sababu ya umbo lake. Kimeng'enya kina tundu linaloipokea molekuli ya aina fulani na kuikataa nyingine, kama kufuli inavyoukubali ufunguo wake tu. Umbo likiharibika, kazi hukoma. Ndiyo maana yai likichemshwa haliwezi tena kutoa kifaranga: protini zake zimekunjuka kwa joto na kushikamana ovyo.

Mfano unaojulikana sana katika Afrika ya Mashariki ni ugonjwa wa selimundu, ambao ni mwingi hasa katika nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hao ni tofauti na ya watu wengine. Miaka michache baadaye, mnamo 1956 na 1957, Vernon Ingram alionyesha huko Cambridge, Uingereza, kwamba tofauti hiyo ni ya kiungo kimoja tu katika mnyororo wenye viungo 146. Badiliko dogo kiasi hicho huweza kumlaza mtoto kitandani kwa maumivu makali, na hata kumwua.

Kwa hiyo swali la kujua umbo la protini si la kitabuni tu. Makala hii yaeleza mambo matatu: kwa nini umbo hilo ni vigumu kulikokotoa, jinsi wataalamu walivyojaribu kulitafuta kwa kuiga mageuko ya viumbe ndani ya kompyuta, na mahali ambapo njia hiyo ilifikia mpaka wake, hata njia nyingine ikachukua nafasi yake.

MNYORORO UNAOJIKUNJA WENYEWE

Protini ni mnyororo wa asidi amino zilizoungana moja baada ya nyingine, mithili ya shanga katika uzi. Ziko aina 20 za asidi amino katika protini za kawaida za viumbe. Mpangilio wa shanga hizo huamriwa na jeni. Lakini uzi ulionyooka haufanyi kazi yoyote. Mara tu baada ya kutengenezwa, mnyororo hujikunja na kuwa donge lenye umbo maalumu, na protini zote za aina moja huwa na umbo moja.

Ni nini kinachouelekeza mnyororo huo? Jibu lilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1960 kutokana na majaribio ya Christian Anfinsen wa Marekani. Yeye alichunguza ribonukliesi, kimeng'enya chenye asidi amino 124. Nane kati ya hizo ni za aina iitwayo sisteini, ambazo hushikana mbili mbili kwa vifungo vya salfa. Anfinsen aliukunjua mnyororo kwa urea na kuvikata vifungo hivyo vinne. Kimeng'enya kikapoteza nguvu yake. Kisha aliiondoa urea na kuviacha vifungo vijifunge tena.

Sasa tuhesabu. Sisteini ya kwanza yaweza kushikana na yoyote kati ya saba zilizobaki. Inayofuata ina tano za kuchagua. Inayofuata tena ina tatu. Na ya mwisho ina moja. Jumla ya njia ni 7 × 5 × 3 × 1, yaani 105. Kama vifungo vingejifunga kwa nasibu, ni sehemu moja tu kati ya 105 ya protini hizo ambayo ingepata mpangilio sahihi. Lakini kimeng'enya kiliirudia nguvu yake karibu yote. Maana yake ni kwamba maelekezo ya umbo yamo ndani ya mpangilio wa asidi amino zenyewe. Kwa kazi hii Anfinsen alishiriki Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 1972.

Matokeo hayo yaliwapa wataalamu tumaini kubwa. Ikiwa mpangilio unatosha kuamua umbo, basi mtu akijua mpangilio angeweza kulikokotoa umbo bila kuingia maabara. Na haja ilikuwa kubwa, kwa sababu kulipata umbo kwa vipimo kulikuwa kazi ya miaka mingi. Max Perutz alianza kuipiga hemoglobini picha kwa eksirei mwaka 1937, protini hiyo ikiwa imegandishwa kuwa fuwele. Umbo lake la jumla hakulitangaza hadi mwaka 1960. John Kendrew alikuwa amemtangulia kidogo kwa mayoglobini, protini ndogo zaidi, mwaka 1958. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1962.

KWA NINI HAIWEZEKANI KUJARIBU YOTE

Mwaka 1969 Cyrus Levinthal alitoa hoja iliyowafanya wengi watafakari upya. Tuchukue mnyororo mfupi wa asidi amino 100, wenye maungio 99. Tuseme kila ungio laweza kukaa katika hali tatu tu. Idadi ya mikunjo yote ni 3 ikizidishwa kwa yenyewe mara 99. Hiyo ni namba yenye tarakimu 48.

Kompyuta ingalikagua mikunjo milioni milioni kila sekunde, ingalihitaji miaka ipatayo 5 ikifuatwa na sufuri 27 ili kuimaliza yote. Umri wa ulimwengu mzima ni miaka bilioni 13.8 hivi. Lakini protini nyingi ndogo hujikunja kwa muda usiozidi sekunde chache, na baadhi yao kwa sehemu ndogo sana ya sekunde moja.

Ni dhahiri kwamba protini haijaribu mikunjo yote. Inavutwa kuelekea nishati ndogo, kama maji ya mvua yanavyoteremka bondeni bila kuzitembelea kwanza pembe zote za mlima. Mtafiti naye hana budi kupata njia ya kuteremka bila kukagua kila jiwe. Hapo ndipo fikra ya mageuko ilipoingia.

MFANO WA KARATASI YA MIRABA

Ili kulichunguza tatizo hili, wataalamu walihitaji protini iliyorahisishwa. Mwaka 1989 Kit Fun Lau na Ken Dill walipendekeza mfano ambao mwanafunzi yeyote aweza kuuchora katika daftari la hesabu. Asidi amino 20 hugawanywa katika makundi mawili: zikimbiazo maji, ambazo hapa zitaitwa K, na zipendazo maji, zitakazoitwa M. Kila asidi amino ni ushanga unaokaa katika mraba mmoja wa karatasi. Shanga zinazofuatana katika mnyororo lazima zikae katika miraba iliyopakana ubavu kwa ubavu, na mraba mmoja hauwezi kukaliwa na shanga mbili.

Mkunjo hupewa alama kwa kanuni moja. Kila mara shanga mbili za K zinapopakana ubavu kwa ubavu bila kufuatana katika mnyororo, mgusano huo huhesabiwa alama 1. Migusano ikiwa mingi, nishati ya mkunjo ni ndogo, na mkunjo ni bora. Kanuni hii imetokana na jambo la kweli: katika protini nyingi ziyeyukazo katika maji, asidi zikimbiazo maji hujificha katikati ya donge, nazo zipendazo maji hubaki nje, kama mafuta yanavyojikusanya pamoja juu ya mchuzi.

Tuchukue mnyororo wa shanga nane: K M M K K M M K. Shanga za K ni ya 1, ya 4, ya 5 na ya 8. Je, ni migusano mingapi iwezekanayo? Karatasi na ifikiriwe kuwa ubao wa drafti wenye miraba myeupe na myeusi. Kila hatua ya mnyororo hutoka mweupe kwenda mweusi au mweusi kwenda mweupe. Kwa hiyo ushanga wa 1 na wa 5 daima huwa katika miraba ya rangi moja, na miraba ya rangi moja haipakani ubavu kwa ubavu. Hali ni hiyo hiyo kwa ushanga wa 4 na wa 8. Jozi zinazobaki ni tatu: 1 na 4, 5 na 8, 1 na 8. Alama ya juu kabisa ni 3.

Mnyororo huu mdogo una njia 2,172 za kulazwa katika karatasi. Tukiyahesabu maumbo yaliyozungushwa au kupinduliwa kuwa ni umbo moja, hubaki 272. Kati ya hayo ni umbo moja tu lipatalo alama 3. Mnyororo wa shanga 20 una njia 335,116,620, na kila ushanga unaoongezwa huzidisha idadi kwa zaidi ya mara mbili na nusu. Mwaka 1998 ilithibitishwa kihesabu kwamba tatizo hili, hata katika mfano huu rahisi, ni la kundi la matatizo magumu ambayo hapana ajuaye njia ya haraka ya kuyatatua kwa uhakika kila mara.

KANUNI ZA UTEUZI

Mkulima achaguaye mbegu hajui siri zilizomo ndani ya punje. Yeye huyatazama mazao, huhifadhi mbegu za mimea iliyo bora, na kuipanda msimu ufuatao. Baada ya misimu mingi shamba hubadilika. Charles Darwin alieleza mwaka 1859 kwamba hata pasipo mkulima mazingira yenyewe huchagua.

Uteuzi wa namna hiyo umeonekana katika Afrika ya Mashariki, tena juu ya hemoglobini hiyo hiyo. Mwaka 1954 Anthony Allison alichapisha matokeo ya uchunguzi wake yaliyoonyesha kwamba watu wenye jeni moja tu ya selimundu wana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Mwenye jeni mbili huugua; mwenye moja hulindwa. Ndiyo sababu jeni hiyo haikutoweka katika sehemu zenye malaria nyingi.

Katika miaka ya 1960 Ingo Rechenberg na Hans-Paul Schwefel mjini Berlin walianza kutumia mabadiliko ya nasibu na uteuzi ili kuboresha maumbo ya vyombo vya kihandisi. Nchini Marekani, John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan alichapisha mwaka 1975 kitabu kilichoweka msingi wa kile kinachoitwa algoriti ya kijeni. Algoriti ni mfululizo wa hatua zilizopangwa ambazo kompyuta huzifuata ili kutatua tatizo. Kwa mikunjo ya protini, hatua hizo ni kama ifuatavyo:

1. Kompyuta huunda kwa nasibu kundi la mikunjo ya mnyororo mmoja, tuseme mikunjo 200. Hiki ndicho kizazi cha kwanza.

2. Kila mkunjo hupewa alama kwa kuhesabu migusano yake.

3. Wazazi huchaguliwa. Mkunjo wenye alama kubwa hupewa nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa, lakini wenye alama ndogo haunyimwi nafasi kabisa.

4. Wazazi wawili hupandanishwa. Minyororo yao hukatwa mahali pamoja. Mwanzo wa mmoja huunganishwa na mwisho wa mwingine.

5. Baadhi ya watoto hubadilishwa kidogo kwa nasibu, kwa kugeuza mwelekeo wa hatua moja.

6. Mtoto ambaye shanga zake mbili zimegongana katika mraba mmoja hutupwa. Waliobaki huwa kizazi kipya, na kazi hurudiwa kuanzia hatua ya pili, mpaka alama isipopanda tena.

Hapa yafaa kuondoa dhana moja potofu. Protini iliyo ndani ya seli haijikunji kwa njia hii. Haina wazazi wa mkunjo wala haipandanishwi na protini nyingine. Algoriti haiigi safari ya mnyororo. Inautafuta mwisho wa safari tu.

MFANO ULIOKOKOTOLEWA

Turudi kwenye mnyororo wetu wa shanga nane. Mkunjo waweza kuandikwa kwa herufi saba zinazoonyesha mwelekeo wa kila hatua: J ni juu, C ni chini, L ni kulia, S ni kushoto. Tuchukue wazazi wawili:

Mzazi A: J S C C C C C
Mzazi B: L L L C C L J

Msomaji na aichore mikunjo hii miwili. Katika A, ushanga wa 1 unagusana na wa 4. Mkia wote umenyooka chini. Alama yake ni 1. Katika B, mwanzo umenyooka, lakini ushanga wa 5 unagusana na wa 8. Alama yake nayo ni 1.

Sasa tuikate minyororo yote miwili baada ya hatua ya tatu na kubadilishana mikia:

Mtoto wa kwanza: J S C C C L J
Mtoto wa pili: L L L C C C C

Mtoto wa pili hana mgusano wowote, na alama yake ni 0. Lakini mtoto wa kwanza ana mgusano wa 1 na 4 aliourithi kwa A, na mgusano wa 5 na 8 aliourithi kwa B. Zaidi ya hayo, ushanga wa 1 na wa 8 sasa zimekutana, mgusano ambao hakuna mzazi aliyekuwa nao. Alama yake ni 3, nayo ndiyo ya juu kabisa. Vipande viwili vyema, vilivyogunduliwa na wazazi mbali mbali, vimeungana katika mwili mmoja. Hii ndiyo faida ya upandanishaji.

Badiliko la nasibu nalo lina funzo lake. Tuseme hatuna mzazi B, bali tunataka kufika kwenye umbo bora kutoka A kwa kugeuza hatua moja moja. Tunahitaji kugeuza hatua ya sita kutoka C kuwa L, na ya saba kutoka C kuwa J. Tukianza na hatua ya saba, mnyororo unarudi nyuma na shanga zinagongana, mtoto anatupwa. Tukianza na hatua ya sita, tunapata J S C C C L C, ambao alama yake ni 1 kama ya A. Hakuna faida iliyoonekana. Lakini badiliko hilo lisiloleta faida ndilo linalofungua mlango, kwa maana badiliko linalofuata huipandisha alama mara moja kutoka 1 hadi 3. Mtafutaji anayekataa kila badiliko lisilo na faida ya papo hapo angekwama hapo daima. Ndiyo sababu algoriti nzuri huyaruhusu mabadiliko yasiyo na faida, na hata yenye hasara kidogo.

Mfano huu umechaguliwa ili ufahamike kwa urahisi. Katika minyororo mirefu, watoto wengi wa upandanishaji hugongana au huwa dhaifu kuliko wazazi wao, na kompyuta hulazimika kupitia vizazi vingi.

MAFANIKIO NA MIPAKA

Mwaka 1992 Thomas Dandekar na Patrick Argos walionyesha kwamba algoriti za kijeni zaweza kutumiwa kwa mikunjo ya protini. Mwaka uliofuata, 1993, Ron Unger na John Moult waliipima njia hiyo kwa minyororo ya K na M yenye shanga 20 hadi 64. Waliilinganisha na njia ya zamani zaidi ambayo mkunjo mmoja pekee hubadilishwa kwa nasibu bila upandanishaji. Algoriti ya kijeni ilishinda kwa mbali. Kwa mnyororo wa shanga 20, ilipata alama 9, ambayo ndiyo ya juu kabisa.

Lakini kwa mnyororo wa shanga 64, wenye njia ambazo idadi yake ni namba ya tarakimu zaidi ya 25, algoriti ilifikia alama 37. Mkunjo wenye alama 42 unajulikana kuwapo. Algoriti ilipanda kilima kizuri, lakini hakikuwa kilima kirefu kuliko vyote. Katika mkunjo ulioshikamana sana, karibu kila ukataji na uunganishaji huleta mgongano; kadiri kundi linavyokuwa bora, ndivyo linavyokuwa gumu kuboreshwa zaidi.

Kikwazo cha pili kilikuwa kikubwa kuliko hicho. Uteuzi ni mzuri kwa kiasi ambacho alama zake ni za kweli. Mwalimu anayesahihisha mitihani kwa majibu yenye makosa atawapandisha darasa wanafunzi wasiostahili, hata akisahihisha kwa bidii namna gani. Katika protini halisi, nishati hutokana na maelfu ya mivutano na misukumano midogo kati ya atomi, pamoja na molekuli za maji. Tofauti kati ya protini iliyokunjwa na iliyokunjuka kwa kawaida ni makumi machache tu ya kilojuli kwa moli, kiasi kinacholingana na nguvu za vifungo vichache vya haidrojeni. Kosa dogo katika kila mvutano, likijumlishwa mara maelfu, huifunika tofauti hiyo kabisa. Kompyuta huweza basi kupata mkunjo wenye alama bora kuliko ule wa kweli, nao ukawa wa uongo.

Ili kupima maendeleo kwa haki, John Moult na wenzake walianzisha mwaka 1994 shindano liitwalo CASP, ambalo hufanyika kila baada ya miaka miwili. Washindani hupewa mipangilio ya protini ambazo maumbo yake yamepimwa au yanapimwa maabara lakini hayajatangazwa. Kila mmoja hutoa utabiri wake kabla ya jibu kujulikana. Kwa miaka mingi matokeo kwa protini zisizofanana na zilizokwisha kujulikana yalikuwa dhaifu.

MAGEUKO KAMA KUMBUKUMBU

Suluhisho lilitoka katika mageuko kwa mara ya pili, lakini kwa njia nyingine. Mageuko ya kweli yamekwisha kufanya majaribio kwa mamilioni ya miaka, na kumbukumbu zake zimeandikwa katika mipangilio ya protini za viumbe mbalimbali.

Hemoglobini ya mtu, ya ng'ombe na ya kuku zina mipangilio inayotofautiana, lakini maumbo yake yanafanana. Ikiwa asidi amino mbili zinagusana ndani ya donge, na moja ikabadilika kuwa kubwa, umbo laweza kuharibika. Kiumbe hicho huenda kisistawi, isipokuwa mwenzake naye akibadilika kuwa mdogo. Kwa hiyo, tukiilinganisha mipangilio ya viumbe vingi, twaweza kuziona jozi za asidi zinazobadilika pamoja. Jozi hizo aghalabu zimekaa karibu karibu katika umbo, hata kama ziko mbali katika mnyororo. Mnamo mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba, mipangilio ikiwa mingi ya kutosha, jozi hizo zaweza kulifichua umbo la protini nzima.

Kampuni ya DeepMind ya London iliunganisha kumbukumbu hizo na programu ya kompyuta ijifunzayo kwa mifano. Mifano yenyewe ilikuwa maumbo yaliyopimwa maabara na kuhifadhiwa katika hazina ya kimataifa iliyofunguliwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7 tu, na ambayo mwaka 2023 ilipita maumbo 200,000. Katika shindano la CASP la mwaka 2020, programu yao iitwayo AlphaFold, katika toleo lake la pili, ilipata alama ya kati ya 92.4 kwa 100, usahihi unaokaribia ule wa vipimo vya maabara. Kufikia mwaka 2022 maumbo zaidi ya milioni 200 yaliyotabiriwa yalikuwa yametolewa kwa umma bila malipo. Demis Hassabis na John Jumper walishiriki Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 2024 kwa kazi hiyo, pamoja na David Baker, aliyetuzwa kwa kubuni protini mpya.

AlphaFold si algoriti ya kijeni: haipandanishi mikunjo wala haina vizazi. Lakini bila mageuko ya viumbe isingekuwa na kitu cha kusoma. Algoriti za kijeni nazo hazikufa. Zingali zinatumika pale ambapo alama zaweza kuaminiwa na idadi ya majibu ni kubwa mno, kwa mfano katika kutafuta jinsi molekuli ndogo ya dawa inavyokaa ndani ya tundu la protini.

YALE AMBAYO UMBO PEKEE HALIYAJIBU

Isidhaniwe kwamba tatizo limekwisha. Zipo sehemu za protini zisizo na umbo moja maalumu. Zipo protini zinazobadili umbo wakati wa kazi. Na kuna tatizo la selimundu, lililotajwa mwanzoni.

Badiliko alilolionyesha Ingram liko katika nafasi ya sita ya mnyororo uitwao beta: asidi glutamiki, ipendayo maji, imebadilishwa kuwa valini, ikimbiayo maji. Kwa lugha ya karatasi yetu ya miraba, M moja imegeuka kuwa K. Badiliko hilo karibu haliligeuzi umbo la molekuli moja ya hemoglobini hata kidogo. Maafa hutokea baina ya molekuli. K hiyo iko nje, juu ya uso wa donge, na inapokosa oksijeni molekuli moja huingiza valini yake katika kijishimo cha molekuli ya jirani chenye asidi zikimbiazo maji. Molekuli zikaungana na kuwa nyuzi ndefu, na seli nyekundu ya damu ikavutwa hata ikawa na umbo la mundu.

Mtu aliyeitazama picha ya umbo la molekuli moja tu asingeuona ugonjwa huo. Utabiri wa umbo, uwe wa algoriti ya kijeni au wa AlphaFold, ni mwanzo wa uchunguzi. Vipimo vya maabara, na hali ya mgonjwa mwenyewe, ndivyo vinavyoamua kama utabiri huo unaeleza kile kinachotokea mwilini.

MAZOEZI

1. Chora wazazi A na B, na watoto wao wawili, katika karatasi ya miraba. Andika namba na herufi ya kila ushanga, na uzungushie migusano yote.

2. Wapandanishe A na B tena, lakini kata baada ya hatua ya pili badala ya ya tatu. Je, watoto wanawezekana? Alama zao ni ngapi?

3. Protini fulani ina sisteini 10 zinazoshikana mbili mbili. Kuna njia ngapi za kuzifunga?

4. Darasa na ligawanywe katika makundi sita. Kila kundi litupe dadu ili kuunda mkunjo wa K M M K K M M K: 1 ni juu, 2 ni chini, 3 ni kulia, 4 ni kushoto, 5 na 6 hurudiwa. Hatua iletayo mgongano nayo irudiwe; mnyororo ukikwama kabisa, uanzwe upya. Makundi mawili yenye alama za juu yapandanishe mikunjo yao. Andikeni alama ya juu ya kila kizazi kwa vizazi vitano, na mchore grafu yake.

5. Tuseme kanuni ya alama imekosewa, na kila mgusano wa M na M ndio unaopewa alama 1. Mnyororo ule ule utakuwa na mkunjo wa namna gani baada ya vizazi vingi? Eleza ni nini hilo linachofundisha kuhusu uteuzi.